Picha Saba za Kivuva

Mbula alikuwa na miaka kumi na miwili alipomgeuza baba wa mwenzake uso ukutani.

Ilikuwa mwaka wa 1969, nyumbani kwa kina Nzilani, ng'ambo ya kijito kutoka kwao, chini ya vilima vya Tawa. Baba yake Nzilani alikuwa amepigana vita vya Wazungu huko Burma, akarudi, akalima, akafa. Sebuleni mwao ilitundikwa picha yake akiwa amevaa kofia ya jeshi, kifua mbele, mkono mmoja umeshika kiti cha studio kana kwamba kiti chenyewe ni mateka. Kila mgeni alisalimia watu kwanza, kisha akainua macho kuitazama. Nzilani naye, akipita chini yake na debe la maji, alizoea kusema, "Baba ananiona," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema leo kuna jua.

Maneno hayo yalimchoma Mbula. Na bado kila Jumapili baada ya ibada alikuwa na kisingizio cha kuvuka kijito: mara ameomba moto, mara amerudisha ungo. Akishafika alitafuta mahali pa kuketi ambapo picha ingemwelekea. Siku hiyo watu wote walikuwa uani wakipura mbaazi. Mbula akapanda juu ya kigoda, akaishika fremu kwa mikono miwili, akaigeuza. Yule askari akabaki anatazama udongo. Kisha akatoka nje, akashika mti wake, akapura mbaazi pamoja na wenzake hadi jasho likamtoka. Mama yake Nzilani alipoikuta jioni alisema ni upepo.

Hakumwambia mtu sababu, nayo sababu ilikuwa fupi. Baba yake mwenyewe alikuwa amekufa vilevile, na kwao hapakuwa na hata kipande cha karatasi chenye sura yake.

Kivuva, baba yake, alikuwa dereva wa lori la mifugo huko Emali. Mwajiri wake aliitwa Roble, Msomali aliyekuwa na duka karibu na stesheni ya reli na lori moja la kubeba mbuzi na ng'ombe. Kivuva alianza kwake kama utingo mwaka mmoja kabla ya Mbula kuzaliwa, akajifunza usukani, akapewa chumba nyuma ya duka. Nyumbani Tawa alifika mara mbili au tatu kwa mwaka, akalala siku mbili, akaondoka. Akija alileta sukari, chumvi ya mawe, leso kwa mkewe Kalondu, na kwa Mbula gauni.

Magauni hayo ndiyo yaliyokuwa kiburi cha utoto wake. Wasichana wengine walinunuliwa nguo zinazoburura, wakaambiwa watakua ndani yake. Gauni la Mbula lilimkaa kama ngozi: mabega mahali pake, kiuno mahali pake, pindo chini ya goti kidogo tu. "Baba yangu ana macho ya futi," aliwaringia wenzake. "Anaweza kukaa miezi sita bila kuniona na bado anajua nimekua kiasi gani." Hata alipokuja kujifunza ushonaji baadaye, na kufungua kibanda chake cha cherehani pale sokoni Tawa, aliwaambia wateja kwamba ufundi huo ni wa damu.

Machi 1967 lori la Roble lilipanda vilima hadi Tawa, likamshusha Kivuva akiwa amezungushiwa blanketi, likageuza. Kifua kilikuwa kimemla. Aliishi siku kumi na moja. Mbula, wakati huo mtoto wa miaka kumi, ndiye aliyemshikia kikombe, na uso aliouona kwa siku hizo kumi na moja ulikuwa mifupa na macho. Uso huo ukaenda ukakalia ule wa kwanza, ukaufunika. Kila alipojaribu kumkumbuka baba yake akicheka, aliona midomo mikavu inayotafuta maji. Kipande chake, kile kitambulisho cha zamani, kilikuwa na alama za vidole tu, bila sura. Kwa hiyo Mbula alikua akiwaonea kijicho watu wenye picha. Aliolewa na Mwangangi, seremala mpole aliyejenga kando ya kwa Kalondu, na ambaye ndugu zake walikuwa na picha ya baba yao amebeba mwana-kondoo, na hata huyo kondoo alimwonea wivu.

Mwaka wa 1984 mvua zilikataa. Watu walikula mahindi ya manjano ya msaada, na mtu anayepanga foleni ya mahindi hashoni gauni. Cherehani ya Mbula ikakaa chini ya shuka. Mwangangi naye hakupata wa kumtengenezea mlango. Ndipo Mbula na mama yake wakasuka vyondo kumi na viwili, na Mbula akasema atavipeleka Emali kuwauzia wasafiri wa barabara ya Mombasa.

Kalondu aliendelea kukaza ukingo wa kiondo. "Emali ni mbali," akasema mwishowe. "Peleka soko la Wote."

"Wote kila mtu anasuka, Mwaitu."

Mama yake akavifunga vyondo kwa kamba. Ukweli ni kwamba Mbula mwenyewe kwa miaka kumi na saba aliliogopa jina la Emali. Ulikuwa ndio mji uliokaa na baba yake.

Aliuza vyondo tisa kabla ya adhuhuri. Jua lilipokuwa kali akaingia duka la karibu kuomba maji. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke wa umri wake, amejitanda mtandio wa rangi ya zambarau, akibishana bei ya kamba na mzee mmoja, tena kwa Kikamba kisicho na kasoro. Walipokubaliana, yule mwanamke alipiga kaunta kwa kiganja, akasema, "Imeisha hiyo!"

Mbula akasahau kiu. Hayo yalikuwa maneno ya Kivuva. Alipomaliza kula, alipomaliza kufunga mzigo, alipokubaliana na mtu, Kivuva alipiga kiganja juu ya chochote kilicho karibu na kusema hivyo hivyo, kwa kuvuta hivyo hivyo mwishoni.

"Hayo maneno umetoa wapi?" akauliza.

"Maneno gani?"

"Hayo ya 'imeisha hiyo.'"

Yule mwanamke akacheka. "Aa, hayo ni ya Adeer Kivuva. Alikuwa dereva wetu nikiwa mdogo. Adeer ni kusema kama baba mdogo. Kwani ulimjua?"

Mbula aliona kaunta inakwenda mbali na kurudi. "Mimi ni Mbula," akasema.

Yule mwanamke aliacha mdomo wazi. Kisha akazunguka kaunta mbio, akamshika Mbula mabega, akamwita mama yake kwa kelele nyuma ya duka: "Hooyo! Njoo uone! Mbula amekuja! Mbula wa Kivuva!"

Alikuwa Ebla, binti wa Roble. Roble mwenyewe alikuwa amefariki, na aliyetoka nyuma akiburuta ndara ni Anab, mjane wake, ambaye alimshika Mbula mashavu na kuanza kulia kabla hajasalimiwa. Wakamketisha kwenye mkeka. Wakamletea chai ya maziwa yenye iliki. Kisha Ebla akatoa kabatini albamu iliyofungwa kwa kitambaa, akaifungua juu ya mapaja yao wawili, lake na la mgeni.

Picha za Kivuva zilikuwa saba. Palikuwa na mpiga picha aliyekuwa akija na treni, Ebla alieleza, na sanduku lake la miguu mitatu, na Roble alipenda kupigwa picha kuliko kula. Kivuva ameegemea mlango wa lori. Kivuva na Roble wameshikana mikono kama wanaume waliotoka kugombana. Kivuva amechuchumaa kati ya mbuzi. Na katika zote saba alikuwa anacheka, kicheko cha meno yote, na kati ya meno ya mbele palikuwa na mwanya.

Mbula hakujua kwamba baba yake alikuwa na mwanya.

Ilimpasa ashukuru, nayo shukrani aliitafuta kweli, akaikosa. Aliona tu kwamba huyu mwanamke wa mtandio wa zambarau aliufahamu mwanya huo miaka yote, akiwa amekaa tu hapa dukani, bila jasho. Alijua baba alivyopiga mluzi akirudi na lori. Alijua hakupenda vitunguu. Alijua alivyomwita punda wa jirani kwa jina la mkubwa wa polisi. Kila alichosimulia Ebla kilikuwa kama mtu anayemwonyesha Mbula vyombo vya nyumbani kwao, kimoja kimoja, akivitumia.

"Na magauni yako!" Ebla akasema, akimpiga Mbula goti kwa furaha. "Unayakumbuka? Yote nilijaribu mimi kwanza."

"Magauni gani?"

"Yale ya kukupelekea. Ananisimamisha hapo juu ya kaunta. 'Simama wima,' anasema, 'Mbula wangu ni kimo chako.' Fundi anapima, anashona, navaa, nageuka, yeye anaangalia. Halafu ananivua na kuyafunga kwa gazeti."

Mbula aliweka kikombe chini polepole asije akakiangusha. Kwa hiyo hayakuwa macho ya futi. Magauni yale, ambayo aliwaringia watoto wa Tawa yote, yalikuwa yamezunguka kwanza mwili wa huyu. Yalimkaa sawa kwa kuwa yalishonwa kwa mabega ya Ebla. Alihisi kama mtu aliyeambiwa baada ya miaka ishirini kwamba chakula alichosifia kilikuwa makombo.

Picha ya saba ilikuwa ukurasa wa mwisho. Kivuva amesimama mbele ya duka, na juu ya mabega yake ameketi msichana wa miaka sita au saba. Mikono ya msichana imeshika nywele zake. Miguu yake imening'inia kifuani mwa Kivuva, soksi nyeupe na viatu vya bizimu, na Kivuva ameishika kwa vifundo vya miguu, kila mkono na mguu wake, ameishika barabara, kama mtu aliyebeba kitu kisichopaswa kuanguka. Kicheko cha picha hiyo kilizipita zote sita.

"Mimi huyo," alisema Ebla.

"Naona."

"Chukua picha, dada. Chukua hata tatu, nne. Ni baba yako. Hii moja tu uniachie. Hii ni yangu."

Akasema hivyo kwa wema kabisa, naye Mbula akamchukia kwa ajili ya wema huo. Chukua, anasema. Anamgawia baba yake kama mtu anayemgawia jirani chumvi, na anajibakizia ile yenye ladha. Saa ya sala ikafika, Anab akaingia ndani kuswali. Mteja akagonga kaunta, Ebla akainuka kumhudumia. Mbula akabaki peke yake na albamu. Hakufikiri. Vidole vyake vikaichomoa picha ya saba kutoka kwenye vishikizo vyake vinne, vikaitumbukiza ndani ya kimoja cha vyondo vitatu vilivyobaki.

Zile sita alizopewa hakuchukua hata moja. "Nitazijia siku nyingine," alimwambia Ebla mlangoni. Ebla akamkumbatia, akamfungia sukari na majani ya chai, akamwambia hapa ni kwao.

Kesho yake asubuhi, kibandani pake Tawa, Mbula alitandika picha juu ya cherehani, akachukua mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Aliukata mwili wa mtoto kwa subira ya fundi. Mkasi ulifuata nywele za Kivuva, ukazunguka sikio la kulia, ukazunguka la kushoto, ukashuka hadi begani. Kichwa cha msichana, kifua chake, mikono yake, mapaja yake, vyote vikatoka. Lakini kuanzia magotini kwenda chini mkasi ulikwama. Miguu ilikuwa ndani ya mikono ya baba yake. Kuikata miguu kulikuwa ni kukata vidole vya Kivuva, kifua cha Kivuva, shati la Kivuva. Akaigeuza karatasi huku na huku. Hapakuwa na njia. Akaiacha miguu. Kile kipande chenye Ebla alikifungulia pasi ya makaa, akakilaza juu ya makaa mekundu, akafunika, na kwa moto huo akapiga pasi suruali ya mwalimu mkuu.

Mwangangi alimtengenezea fremu ya mti wa mvule, akaitundika sebuleni. Hakuuliza mengi, alifurahi kumwona mkewe ana furaha. Aliyeuliza alikuwa binti yao Kavata, mtoto wa miaka saba.

"Mama, hii miguu ni ya nani?"

"Ni yangu," Mbula akajibu.

Neno lile lilimtoka bila kukwaruza koo. Baada ya hapo likawa jepesi zaidi. Wanawake wa kanisani walipokuja kusali nyumbani kwake aliwaeleza kwamba picha ilikuwa kubwa lakini mchwa walikula upande wa juu. Kila alipoisimulia iliongezeka kitu: siku hiyo baba alikuwa amemletea viatu, siku hiyo walikula ndizi, siku hiyo alimzungusha soko zima. Nzilani, sasa mama wa watoto watano, alisimama mbele ya picha muda mrefu.

"Kumbe alikuwa anakupenda hivi," akasema. "Wangu ananitazama tu. Wako amekushika."

Mbula hakuwahi kuonja kitu kitamu kama maneno hayo. Aliyarudia moyoni wiki nzima.

Kalondu ndiye aliyekawia kuiona, kwa sababu macho yake yalikuwa na ukungu. Siku moja aliishusha fremu mwenyewe, akatoka nayo mlangoni palipo na jua, akaisogeza hadi ikakaribia pua. Mbula, aliyekuwa akichambua maharagwe, alijifanya hamwoni.

"Amecheka," Kalondu akasema. Kisha: "Kiatu chako cha kwanza ulivaa ukiwa darasa la saba, mwana wakwa. Nilikinunua mimi."

Mbula akaendelea kuchambua.

"Huyu ni mtoto wa Roble," Kalondu akasema.

"Nilimtoa."

"Umemtoa kichwa." Mama yake akaketi kizingitini, picha mapajani. "Ngoja nikuambie kitu, ukinichukia unichukie. Mwaka wa sitini na tano baba yako alikuja kukuchukua. Alisema kuna mtu wa picha anakuja Emali na treni, anataka mpigwe picha yeye na wewe. Ulikuwa na miaka minane. Nilikataa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa hazungumzi kitu kingine. Emali hivi, Roble hivi, mama Ebla anapika hivi, mtoto wa Roble amesema hivi. Alikuja hapa kama mgeni na anarudi huko kama mtu wa nyumbani. Nikasema, wewe umeshanipotea huko, na huyu nikimpa utampoteza huko pia. Ataona viatu, ataona sukari, atarudi hapa akinuna. Nikakuficha kwa dada yangu. Alikungoja siku nzima. Akaenda peke yake."

Maharagwe yalimponyoka Mbula yakatawanyika ardhini. Alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza alimwona mwanamke mwenzake: amejaa wivu uleule, wa mtu yuleyule, ila wa mama ulikuwa mkubwa kwa miaka mingi.

"Ulininyima," akasema.

"Nilikunyima."

Hawakusemezana kwa siku tisa. Chakula kilipelekwa na Kavata. Mbula aliihesabu ile dhuluma upya kila asubuhi: kwamba mahali pale mabegani palikuwa pake, palikuwa pamewekwa tayari, na mama yake ndiye aliyepaacha wazi mpaka mwingine akapanda. Siku ya kumi Kalondu alianguka njiani akienda kisimani, akaumia mkono, na Mbula akaenda kumwinua. Wakaanza tena kuzungumza, juu ya mkono tu. Picha ilirudi ukutani. Kuhusu miguu, Mbula hakubadilisha hadithi.

Ilipita miaka miwili. Mwaka wa 1986, mvua za masika zikiwa zimekuwa nzuri, gari dogo lilisimama sokoni Tawa na mwanamke mwenye mtandio akauliza nyumba ya fundi Mbula. Alikuwa Ebla, na kaka yake Bile ndiye aliyemleta. Yeye alibaki sokoni kuangalia mbuzi. Ebla alipanda njia kwa miguu, peke yake, na mfuko wa sukari.

Mbula alimwona akiwa bado chini kwenye kijito. Alikuwa na nafasi ya kuingia ndani na kuishusha ile fremu. Alisimama tu. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Labda alichoka, labda alitaka aione.

Ebla aliingia, akasalimia, akainua macho. Akaitazama picha bila kupepesa.

"Hiyo ni miguu yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi mwingine niko wapi?"

"Nilikuchoma. Kwenye pasi."

Ebla akaketi bila kukaribishwa. Mtandio ulikuwa umemteleza, hakuurekebisha. "Miaka miwili nimengoja," akasema. "Nilisema, ameichukua kwa uchungu, atarudisha. Mama yangu aliniambia nisikuje. Picha hiyo moja nilikuambia ni yangu. Sita nilikupatia!"

"Sikutaka kupatiwa! Ni baba yangu! Utanipatiaje baba yangu?" Sauti ya Mbula ilipanda hadi Kavata akakimbilia uani. "Ulikuwa na baba yako mwenyewe. Alikuwa hapo dukani kila siku. Ulitaka wawili wa nini? Umekaa mabegani kwake, umevaa nguo zangu, hata maneno yake umeyachukua unauzia kamba! Mimi nilipata nini?"

"Ulipata nini?" Ebla akasimama. "Wewe? Kila gauni nililovaa pale juu ya kaunta lilikuwa linanitosha. Nimeligeuza mara moja, linavuliwa, linafungwa. Kila kitu kizuri kwenye hilo duka kilikuwa cha Mbula. Peremende, nusu ni ya Mbula. Akiniimbia wimbo, anasema huu ni wa Mbula. Siku ya hiyo picha unajua ilikuwa nini? Alikuwa ametoka huku, alikuwa amesema atakuja na wewe. Mpiga picha amekaa tayari. Akashuka kwa lori peke yake. Nikaenda nikamvuta shati, nikamwambia, Adeer, nibebe mimi. Akanibeba. Nilikuwa nimeomba Mungu usikuje, Mbula. Nilikuwa na miaka saba na nilikuchukia kabla sijakuona."

Mbula alikuwa amezoea kuona wivu kama shamba lake mwenyewe, na sasa alikuta mtu mwingine ameshalima upande wa pili.

"Na alipougua," Ebla akaendelea, sauti imeshuka, "waliniambia ameenda likizo. Lori likarudi bila yeye. Nilikaa stesheni nikimngoja hadi nikachapwa. Hakuna mtu alinionyesha alikozikwa. Wewe ulikuwa naye mwisho. Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Aliongea?"

"Kidogo. Aliomba maji. Siku moja aliuliza kama mbuzi wamepakiwa."

Ebla akafunika mdomo kwa mtandio, na Mbula hakujua kama alikuwa analia au anacheka. Huenda yote mawili. Alimwacha. Akakumbuka kwamba kweli alikuwa na siku kumi na moja ambazo mwenzake hana, na kwa aibu akajikuta anazifurahia, si kwa sababu zilikuwa nzuri, bali kwa sababu ni yeye tu aliyekuwa nazo.

"Nionyeshe alipo," alisema Ebla.

Mbula akafikiri kukataa. Alifikiri hasa, akapima. Kaburi lilikuwa ndicho kitu cha mwisho ambacho Emali haikuwa nacho. Kalondu, aliyekuwa amesikia yote kutoka jikoni, akatokea mlangoni na mkono wake uliopinda, akamwambia Ebla karibu, akamshika kiganja, akamuuliza habari za Anab. Kisha akamgeukia bintiye. "Mpeleke," akasema. "Mimi nilishakataza mara moja."

Kaburi lilikuwa ukingoni mwa shamba la kunde la Kalondu, nyuma ya ghala, mawe yamepangwa kuzunguka na mkonge mmoja kichwani. Ebla alivua ndara. Akainua viganja, akaomba dua, midomo ikicheza bila sauti. Mbula alisimama karibu, karibu mno, kama mlinzi. Alipomaliza, Ebla hakuondoka.

"Dada, naomba nikae naye kidogo. Peke yangu."

Upepo ulipita kwenye kunde. Mbula aliangalia yale mawe ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyapanga upya kila baada ya mvua.

"Kaa," akasema.

Akaenda hatua kumi, si kumi na moja. Akainama akajifanya anapalilia. Nyuma yake alisikia Ebla ameanza kuzungumza na kaburi, kwa Kikamba, polepole mwanzoni, kisha kama mtu aliyerudi nyumbani na habari nyingi: lori limeuzwa, Aabo Roble amefariki, punda wa jirani alizeeka akafa, duka limewekwa mabati mapya. Mara akacheka. Mbula aliusikia mkono wake ukizidi kasi. Aling'oa magugu, na kunde mbili tatu pamoja nayo. Alingoja kadiri alivyoweza. Kisha akanyooka, akaita kwa sauti kwamba chai iko tayari, ingawa maji yalikuwa hata hayajachemka.